Kabla hujaenda kumkabili muuza filamu

Langoni, Lamu

Yakhe,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Bi Mkubwa goti linamsumbua lakini ulimi wake uko palepale, na amesema nikuulize mbona harusi ile ulikula ukaondoka bila kuaga. Hilo mtamalizana wenyewe.

Bahasha yako ya slaidi, zile picha zinazotazamwa kwenye filamu yenyewe, Maalim aliileta mkononi, imevuka Mokowe bila kulowa. Nilikusudia kukuandikia maneno mawili tu, kisha nikasikia kwamba Ijumaa unakwenda kumkabili yule mzee wa filamu akurudishie pesa zako mbele za watu, eti filamu aliyokuuzia ilipitwa na wakati, ndiyo maana slaidi ulizozisafisha mwenyewe zina madoa. Usiende, yakhe. Soma kwanza hii barua mpaka mwisho, halafu ukiona bado unataka ugomvi, shauri yako.

Filamu iliyopitwa na wakati huwa inajionyesha: rangi zinapooza, weusi unakuwa wa kijivu, pengine picha nzima inaegemea upande wa wekundu au kijani. Zako rangi zimekaa sawasawa. Bahari ni bahari, na shati la yule mjomba wako ni lile lile baya tunalolijua. Mtu aliyekuuzia filamu mbovu asingekupa rangi hizo.

Sasa madoa. Umeyatia yote kapu moja na kuyaita vumbi, na sikulaumu, kwa sababu slaidi inadanganya. Kwenye negativu, ile filamu inayogeuza mwanga kuwa giza, vumbi lililoganda wakati wa kuchapisha linatoka jeupe kwenye picha, mtu anajua mara moja. Kwenye slaidi vumbi ni jeusi, povu ni jeusi, mchanga ni mweusi, kila kitu kinachoziba mwanga ni cheusi. Kwa hiyo usitazame rangi ya doa, tazama umbo lake na mahali lilipokaa.

Shika ile ya nguzo ya Vasco da Gama, ya huko kwenu Malindi. Angani, upande wa matundu ya filamu, kuna viduara vyeusi, ukingo wake laini. Nimeinamisha ile slaidi chini ya taa kila upande na sikuona kitu kilichosimama juu yake. Doa limo ndani ya picha. Hayo ni mapovu ya dawa ya kwanza, ile unayotangulia kuimimina tangini. Unajua kazi ya dawa ile: palipopigwa na mwanga inapageuza kuwa fedha (madini, si pesa), na fedha hiyo huondolewa baadaye, pasipopigwa ndipo rangi zinapokuja kujaa. Povu likikaa mahali, dawa haipafiki, basi rangi zinajaa pale pasipostahili. Hayo hayatoki tena, hata uyaoshe mpaka mwezi wa Ramadhani. Safari nyingine, ukishamimina dawa, gonga tangi mezani mara kadhaa, kwa nguvu, usiionee haya meza ya mkeo. Na tangulia kuilowesha filamu kwa maji yenye joto lile lile la dawa.

Za sokoni, wale wanaolipungia mkono jahazi, ni habari nyingine kabisa. Hapo nimeona chembe za kahawia, ndogo mno, zimekaa juu ya upande usiong'aa. Nimekata kile kipande cha mwisho kisicho na picha (samahani, sikukuomba ruhusa) nikakilaza kwenye maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi. Chembe nyingi zikaachia zenyewe zikazama chini ya bakuli. Kumbe si filamu, ni chupa yako ya bliksi, ile dawa ya kupausha na kukaza kwa pamoja, yaani kuigeuza ile fedha na kuiondoa kwenye filamu. Kupausha na kukaza ndani ya chupa moja ni rahisi, lakini dawa hizo mbili ni kama wake wenza katika chumba kimoja: chuma kilichomo kwenye ya kupausha kinaila taratibu ile ya kukaza, na salfa inaanza kushuka chini. Kwa joto la Malindi, na chupa nusu imejaa hewa, inaharibika upesi zaidi. Ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa kila unapoitumia, na usiitikise kabla ya kumimina. Ikiwa mfuko unaruhusu, nunua zile zinazouzwa mbalimbali, chupa ya kupausha peke yake na ya kukaza peke yake. Mimi bliksi nimeiacha zamani.

Jambo la joto nalo nilicheka. Dawa ya kwanza ya E-6, ndiyo hii njia yetu ya kusafisha slaidi, inataka nyuzi 38, na watu wa nchi za baridi wanahangaika kupasha maji. Sisi maji ya lile tangi jeusi la darini adhuhuri ndiyo kwanza tuyapooze! Stima ikikatika, angalau hatuharibikiwi kwa baridi.

Na ile mikebe ya Kodachrome, zile filamu za slaidi za zamani, ya marehemu baba yako, tafadhali usijaribu. Ile haikuwa ya kusafishwa nyumbani, rangi zake hazimo ndani ya filamu, ziliingizwa na mashine. Duka la mwisho duniani lililokuwa likiisafisha, huko Parsons, Kansas, liliacha kuzipokea mwisho wa 2010. Linalowezekana leo ni picha za rangi moja, nyeusi na nyeupe, na hata hizo sikuahidi. Tuizungumze ukija, pengine mna sura ya mzee humo.

Bado kuna yale madoa yanayoonekana meupe meupe, kama ukoko, ukiishika filamu mkononi na kuutazama upande unaong'aa. Hayo ni chumvi ya maji. Itazame sufuria yako ya chai chini. Maji ya kisima chenu yakiacha vile kwenye sufuria, filamu itasalimikaje? Maji ya mwisho yawe ya betri, lakini soma kibandiko: maji, siyo asidi! Wauzaji wanaviweka rafu moja.

Basi niambie. Chupa ya bliksi ukiiinamisha kwenye mwanga, kuna tope chini? Unazianika wapi, bado kule uani na upepo huu wa kaskazi? Kuna doa lolote linalorudi mahali pale pale kwenye kila picha? Likiwapo, ifungue hiyo kamera uangalie nyuma, usiilaumu dawa. Tone la sabuni ile ya mwisho unatia kiasi gani, maana ikizidi nayo inaacha michirizi? Na yule mzee umeshamwambia neno lolote, au ulikuwa unajigamba tu kwa Maalim? Kama hujamwambia, mpitie kwa salamu, uninunulie filamu mbili za slaidi. Pesa nitampa Maalim Jumatatu.

Wasalimie nyumbani.

Was-salaam,
Wako wa Langoni