Yah: Mama yangu kushikwa bega na kuondolewa mbele ya kata ya mbege ya baba yake

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Moshi.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini sitaficha kwamba nina hasira. Jumamosi iliyopita mfanyakazi wa makumbusho yenu alimshika mama yangu bega akamwondoa mbele ya kabati la kioo lenye kata ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, ya marehemu baba yake, eti anawazibia wageni wanaopiga picha. Mama amepita miaka themanini. Kata ile ni ya kwao. Imo humo kwa sababu yeye mwenyewe aliishusha ukutani, akaifunga kwenye kanga na kuwakabidhi.

Masharti ya kuazima mnayajua, mliyaandika ninyi: jina la familia likae kwenye kibao cha maelezo, na familia iingie bure siku yoyote. Sasa someni kibao chenu. Kimeandikwa "Kata ya Wachaga, karne ya 19, mwenyewe hajulikani". Hajulikani vipi, na sahihi ya mama iko kwenye faili lenu? Na hiyo karne ya 19 mmeitoa wapi? Kibuyu kile babu alikilima kihambani kwake na kukikata mwenyewe, mama akiwa binti mdogo anayemshikia taa. Ukingoni kina ufa, na babu aliushona kwa waya mwembamba wa shaba. Mishono yote imelalia upande mmoja, maana alitumia mkono wa kushoto. Mama alikuwa ameinamia kioo akiutafuta ufa huo. Hakugusa kitu, hakupiga kelele, hakumsukuma mtu.

Picha nayo. Babu amesimama kwenye mizani ya kahawa, na chini yake mmeandika "Mwanachama wa KNCU, 1929". KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933! Kabla yake kilikuwepo KNPA, chama cha wakulima Wachaga cha mwaka 1925, ambacho akina Joseph Merinyo walihangaika nacho wakati walowezi hawataki hata kusikia kwamba Mchaga anapanda kahawa. Hicho ndicho chama cha babu kwenye picha ile. Yeye mwenyewe aliandika hivyo nyuma yake kwa penseli, na ninyi upande huo mmeugundisha kwenye ubao, hausomeki tena.

Maelezo ya ukutani yanasema Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, aliuawa katika vita vya Maji Maji. Ndugu Mkurugenzi, vita hivyo vilianza 1905, tena huko kusini. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani hapa hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, na ukoo wake umehangaika miaka mingi kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Watoto wa shule wanasimama mbele ya ukuta ule na daftari, wananakili. Mnawafundisha nini?

Narudi kwa mama, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yule kijana hakumwamkia. Mtu mzima wa umri ule, hakuna shikamoo, hakuna samahani. Alisema tu, "Bibi, sogea." Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hii ni ya baba." Kijana akawageukia wageni, akawaambia kitu kwa Kiingereza, wakacheka. Kisha akamshika bega, juu ya kanga, akamgeuza kama mtoto aliyevamia foleni. Mkongojo ukaanguka, na yeye akauruka akaenda kurekebisha taa ya kabati ili picha zitoke vizuri. Niliuokota mimi. Msimamizi alipokuja nilidhani atamkemea kijana wake. Akaniuliza mimi, "Mna risiti ya hicho kibuyu?" Tulipofika nje mama alikaa kwenye ngazi akauliza, "Kwani wamesema si ya baba?" Sikuwa na la kumjibu.

Na kabla ya hayo yote, mlangoni, tulilipishwa kiingilio. Nilitoa nakala ya mkataba wenu, wenye muhuri wenu, dada wa tiketi akasema hajawahi kuona karatasi kama hiyo, nilipe au nipishe wengine. Nikalipa ili mama asisimame juani.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: vibao virekebishwe, na mama aombwe radhi kwa maandishi. Nimeyaandika yote haya na naona hayo hayatoshi. Kata na picha tunavichukua. Mtavileta wenyewe nyumbani kwa mama, wewe Mkurugenzi pamoja na yule kijana na msimamizi wake, mchana, mbele ya wazee wa ukoo. Mje na jani la isale. Mnalo kwenye kabati lililo karibu na mlango, na mmeeleza vizuri kabisa kwamba Mchaga aliyemkosea mwenzake huenda na jani hilo kuomba msamaha. Basi mlitumie. Na kiingilio tulicholipa mkirudishe.

Msipokuja kabla ya Jumapili, nitaomba nafasi ya kusema kanisani baada ya matangazo. Vitu vingi vilivyomo kwenye makabati yenu vimetoka kwenye nyumba za watu wanaosali pale, na wengi hawajarudi kuona vibao vyao vimeandikwaje. Nitawaambia waende wakasome. Anayetaka kurudishiwa cha kwao nitaongozana naye. Wakili wa familia ameshasoma mkataba na anasubiri neno langu tu, na barua ya Idara ya Mambo ya Kale nimeshaiandaa pamoja na picha za vibao vyote nilivyovitaja.

Msipige simu. Mama hasikii vizuri kwenye simu, na mimi sitaipokea. Mje.

Wako,
Mwanawe wa kwanza, kwa niaba ya familia

Nakala: Wazee wa ukoo
Wakili wa familia