Wanangu mnaoishi na wazee, mkiona tumebadilika anzeni na macho

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoishi na mzazi, babu au bibi aliyevuka miaka 60. Mimi nina miaka 74. Jicho langu la kushoto limekwisha, halirudi tena. La kulia liliingia mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji, na ndilo ninaloandikia barua hii, kwa herufi kubwa na kwa kupumzika kila baada ya mistari michache. Sitafuti huruma. Nataka mjue jinsi tunavyowaficha, maana mimi niliwaficha wanangu wa kuwazaa kwa karibu miaka miwili.

Ilianza na salamu. Namwona mtu anakuja lakini sura siitambui mpaka anifikie, basi nikawa nainamisha kichwa na kupita. Wakasema mzee ameanza kuringa. Nilikuwa mtu wa kusoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Nikaanza kusingizia koo. Usiku sitoki, nasema baridi. Nikimimina maji, yanapita kando ya kikombe. Siku moja mwanangu wa kwanza aliyaona yale maji mezani akaniambia kwa upole, "Baba, siku hizi unasahau sana." Nikaitikia kwamba ni kweli, ni uzee. Hapo mnisikilize vizuri: nilikuwa radhi kuonekana akili zimeanza kunipotea kuliko kusema sioni. Niliwaza kwamba anayesahau bado huachiwa kutembea mwenyewe, ila asiyeona hushikwa mkono.

Basi mzee akibadilika, kabla hamjasema kasahau, kawa mkali, kawa mvivu au kajitenga, mpelekeni akapimwe macho. Anakosa ngazi ya mwisho. Anageuza kichwa chote kumtazama aliye ubavuni mwake. Anavaa nguo yenye doa, yeye aliyekuwa nadhifu. Ameacha kushona, kusoma au chochote alichokipenda, na anasema amekichoka. Mdomo wetu hautawaambia, lakini mikono na miguu itawaambia.

Tena macho na akili havikai mbali. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kurekebishwa, na upungufu wa kuona usiotibiwa ukaingizwa humo. Sikushangaa. Mtu hasomi, hatambui sura, anaogopa kutoka, mchana kutwa amekaa na ukuta. Akili yake itajishughulisha na nini?

Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya giza hili lina dawa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao wanahitaji miwani tu. Wengine wanahitaji upasuaji wa mtoto wa jicho.

Upasuaji huo wazee tunauogopa sana, kwa hiyo waelezeni. Ndani ya jicho mna lenzi, na uzee huitia ukungu. Daktari huitoa, akaweka ya bandia. Aliyeweka ya kwanza ni daktari wa macho Harold Ridley, huko London, mwaka 1949. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amewatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, akaona jicho halivikatai. Mara nyingi jicho hutiwa ganzi tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mimi nilipofunguliwa bandeji niligundua kwamba shati nililolidhani la kijivu lilikuwa la buluu. Kisha nikaitazama mikono yangu, mishipa na mikunjo yote, nikalia. Sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

Jicho la kushoto halikupata bahati hiyo. Lenyewe lililiwa na glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Aina iliyo ya kawaida haiumi. Hula pembeni kwanza, na jicho jingine hufunika pengo, usijue kitu. Mimi nilijua siku vumbi liliponiingia jicho la kulia. Nikalifumba nilisugue, na dunia ikazimika. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo ikishakufa haifufuki. Matone ya dawa hulinda kilichobaki, hayarudishi kilichokwenda, na ndiyo maana wazee wengi huyaacha: wanatia kila siku, hawaoni nafuu. Hapo ndipo mnapohitajika. Msiwaulize tu kama wametia, kaeni nao wakati wa kutia. Na matone ya jirani yasiingie jichoni mwa mtu mwingine, kwa kuwa yapo yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ambayo yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho. Mwenye kisukari naye apimwe ndani ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Liko jambo jingine ambalo wazee wengi huzikwa nalo. Macho yanapofifia sana, baadhi yetu huanza kuona visivyokuwepo: watoto wamesimama mlangoni, maua ukutani, watu waliovaa vizuri wanapita kimya. Hatusemi, kwa hofu ya kuambiwa tumerukwa na akili au tumeingiliwa na kitu. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili zake timamu ambaye macho yake yalikuwa mabovu, na aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Hali hiyo ina jina la Bonnet mpaka leo. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujichorea zake. Muulizeni mzee wenu taratibu, mkiwa wawili: "Huwa unaona vitu ambavyo sisi hatuvioni?" Akikiri, mwambieni hana wazimu, kisha mkamweleze daktari. Kwa mzee aliyeibeba siri hiyo peke yake, neno hilo ni kubwa mno.

Sasa ya nyumbani. Taa iwe na nguvu, hasa kwenye ngazi na njia ya chooni. Ukingo wa ngazi upakwe rangi inayoonekana. Kiti kikihamishwa, tuambieni. Ukiingia chumbani taja jina lako, usiniachie kubahatisha sauti. Tukitembea usinivute mkono. Nipe kiwiko chako nikishike, nikufuate.

Lakini zaidi ya yote msitunyang'anye kazi. Nilipojulikana sioni, nyumba nzima ilinipenda ghafla. Sikuruhusiwa kukunja nguo, kufagia, wala kuhesabu fedha zangu mwenyewe. Wajukuu walikuwa wakiniletea kila kitu mkononi. Walifanya kwa mapenzi, najua, na sikuwahi kuwa mpweke kama miezi ile. Asubuhi ilikuwa haina sababu ya kuamkia. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo. Akanirudishia ufagio, akasema, "Pakibaki uchafu, nitakuonyesha." Palibaki, na akanionyesha. Siku ile nilikula nikiwa na njaa. Mzee akivunja kikombe, kivunjike. Akichukua saa nzima kufunga vifungo vya shati, msubirini. Huko kusubiri kwenu ndiko kunakomwachia maisha yake.

Mwisho niwaambie kilichotokea kliniki. Daktari alipomaliza kunichunguza aliniuliza nina watoto wangapi. Nilidhani ananizungumzisha tu. Nikataja wote, na umri wao, kwa fahari ya baba. Akaniambia kwamba glakoma hutembea katika damu ya familia, na kwamba watoto na ndugu wa mgonjwa wamo hatarini kuliko watu wengine. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 46, alikuwa nje kwenye benchi ananisubiri, anajua yeye amemleta mgonjwa tu. Tukamwita ndani. Akakaa kwenye kile kiti nilichotoka kukikalia, akaweka kidevu chake pale nilipokuwa nimeweka changu. Presha ya macho yake ilikuwa juu, na hakuwa amepoteza chochote bado. Anatia matone yake kila usiku, nami natia yangu, tunakumbushana.

Kwa hiyo mkimpeleka mzee, msikae nje.

Baba yenu