Kirusi kilichomchukua Shangazi

Leiden, Uholanzi

Baba na Mama, shikamooni.

Ujumbe wa sauti wa Mama niliupata jana jioni nikiwa kwenye basi, nikausikiliza mara mbili. Mama, umesema watu wa jumuiya wamekwambia binti yako anafuga virusi vya UKIMWI huku Ulaya, na tangu usikie hivyo usingizi umekuhama. Simu inakatikakatika na maneno haya yanataka utulivu, ndiyo maana naandika. Dada awasomee taratibu, na Baba akiuliza, arudie.

Ni kweli kwamba chombo ninachofanyia kazi kilitokana na VVU. Siwezi kuwaficha hilo, hasa nyumba yetu. Nilikuwa na miaka sita Shangazi alipoletwa Kibosho kutoka Dar, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika kwa watu kama sisi. Nakumbuka kikombe chake cha bati, kilivyokuwa kikiwekwa peke yake juu ya rafu, na sisi watoto tukikatazwa kukigusa. Kwa hiyo Mama, hofu yako naijua ilikotoka.

Lakini kazi yenyewe inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu wa Baba. Baba, ule usiku wa Krismasi hukuvumilia hata shuka kukugusa. Jongo huja asidi ya yuriki inapozidi kwenye damu, ikaganda ndani ya kiungo kuwa kristali nyembamba kama sindano. Maumivu mengi hayaletwi na sindano zenyewe. Seli nyeupe, askari wa mwili, huzimeza, na ndani ya seli hizo kuna protini inayoitwa NLRP3, ambayo kazi yake ni kutambua hatari. Ikishtuka, huamsha kimeng'enya kiitwacho kaspasi-1, nacho hukata interleukini-1 beta na kuiachia itoke nje. Hiyo ndiyo inayopiga yowe. Askari wengine wote hukimbilia kidoleni, na unajua mwenyewe wanakuacha katika hali gani. Watafiti wa Lausanne kule Uswisi walionyesha mwaka 2006 kwamba kristali za jongo hupitia njia hii.

Sisi tunainyamazisha jeni ya NLRP3 kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara, tuone yowe linapungua kiasi gani, na nini kingine kinaharibika likipungua.

Baba, wewe ni mtu wa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, miaka yote, hapa utanielewa haraka kuliko wengi. Jeni ni chemchemi kule juu msituni. Seli hutoa nakala ya jeni, inaitwa RNA, na hayo ndiyo maji yanayoshuka mfongoni mpaka kihambani, shamba la nyumbani, ambako protini hutengenezwa. Wapo wanaoziba chemchemi yenyewe. Sisi tunaiacha chemchemi ilivyo, tunakata maji njiani. Tunaipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande kifupi cha RNA kilichojikunja kama pini ya nywele, chenye herufi zinazolingana na sehemu ya ile nakala. Seli ina vifaa vyake vya kazi hiyo: kimoja, Daisa, huikata pini, na kingine hushika kipande kilichobaki na kukitumia kuwinda nakala za NLRP3 na kuzikata. Siri hii waliieleza Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998 kwa kutumia minyoo midogo sana, wakapewa Nobel mwaka 2006. Na kama ilivyo kwa mfongo, maji hayakauki kabisa, kuna matone yanayopita.

Sasa maelekezo hayo yataingiaje ndani ya seli? Seli za kinga ni wagumu wa kufungua mlango. VVU vinajua kuingia, tena vinajua kuandika maneno yao ndani ya urithi wa seli. Wanasayansi walichukua ujuzi huo, ugonjwa wakauacha. Jeni nyingi za kirusi zimeondolewa. Chache zinazohitajika kujenga chembe zimetawanywa kwenye vipande vya DNA vilivyo mbalimbali, vinne kwa jumla, na hata koti la nje si la VVU bali la kirusi kinacholeta malengelenge midomoni mwa ng'ombe. Vipande hivyo tunaviingiza pamoja kwenye seli za kuzalishia, na baada ya siku mbili tatu tunavuna chembe zilizobeba mzigo wetu tu. Chembe inaingia kwenye seli, inashusha mzigo, basi. Haizai nyingine.

Hata hivyo hatufanyi mchezo. Koti lile linaweza kupenya seli za aina nyingi, zikiwemo zangu. Navaa glovu jozi mbili, mikono iko ndani ya kabati linalovuta hewa, sindano hatuzigusi, na kila tone linalobaki linaishia kwenye jiki.

Seli tunazotumia zilitoka kwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja aliyekuwa na saratani ya damu, Japani. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1980. Huwa namfikiria ninapofungua kabati la joto asubuhi.

Jumanne tulipima. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, na kila kishimo kilikuwa na tone la maji yaliyotoka kwenye seli tulizozilisha kristali za yuriki. Unatia dawa, maji yanageuka bluu. Unatia asidi, yanakuwa manjano, na umanjano ukikolea ujue interleukini ni nyingi. Seli zilizopewa pini ya uongo, isiyolenga jeni yoyote, zilikuwa manjano kama ndizi iliyoiva. Zilizonyamazishwa zilikuwa karibu na maji matupu. Nilisimama pale nikimuwaza Baba na shuka lake.

Baba, hii bado si dawa yako. NLRP3 hutulinda pia dhidi ya vijidudu, na pini inaweza kukosea ikakata nakala ya jeni nyingine, kwa hiyo tunajaribu pini kadhaa tofauti kabla ya kuamini lolote. Wewe endelea na dawa yako ya jongo, alopurinoli, hata mguu ukiwa mzima, usiache kwa sababu umepona. Maji mengi. Pombe ya mbege uipunguze kweli, si kwa maneno, na supu ya maini uwaachie vijana. Dada, mpeleke hospitali ya KCMC akapimwe yuriki kabla ya sikukuu, unitumie picha ya majibu.

Mama, waambie wanajumuiya kwamba sijambo. Na ungependa kujua hili: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya saratani ya damu ya watoto ambayo mzigo wake unabebwa na kirusi cha ukoo huu huu kilichovuliwa silaha.

Kile kikombe cha Shangazi, kama bado kipo stoo, msikitupe. Nikija Desemba nataka kunywea chai.

Binti yenu