Tuisome fimbo kabla ya kununua hadithi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini kwetu sisi tuliokaa na mbao maisha yetu yote si dogo hata kidogo, nalo ni namna watu wanavyouziana fimbo za zamani za biliadi, snuka na pool, michezo ya kugonga mipira juu ya meza, kwa kutegemea maneno ya muuzaji peke yake. Mwaka huu wamenifikia watu watatu hapa Dodoma, kila mmoja na fimbo yake aliyoiviringisha kwenye kitambaa, wakitaka nithibitishe kwamba ni ya enzi za Mjerumani. Hakuna hata moja iliyokuwa na dalili ya kuwa hivyo. Mimi ni seremala mstaafu, si mwanahistoria, ila nimefundishwa na fimbo iliyomo nyumbani kwetu, na yaliyonipata huenda yakamwokoa mwingine.

Fimbo hiyo aliiacha marehemu baba yangu mdogo. Ujanani alikuwa mtumishi wa Wazungu kule Kongwa, wakati wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya ukame na ardhi ngumu ya Ugogo kuyashinda matrekta. Tulikua tukiambiwa kwamba fimbo alipewa na bwana mmoja wa mradi siku ya kuagana. Habari hiyo ilisimuliwa hata kwenye matanga yake, nami mwenyewe nimeisimulia mara nyingi bila kuitilia shaka. Alipokuja mfanyabiashara wa vitu vya kale kutaka kuinunua, nilimweleza hivyo hivyo, naye akaahidi kuongeza bei iwapo ningeandika kwa mkono wangu na kutia saini kwamba hiyo ni fimbo ya mradi wa karanga. Kalamu nilikwisha kuishika. Nikaona heri kwanza niitoe fimbo barazani, kwenye mwanga wa mchana, niiangalie kwa lenzi kama ninavyoangalia mbao yoyote kabla ya kuitolea kauli.

Kwenye kitako, yaani ile sehemu nene ya nyuma inayoshikwa na mkono, pana upande uliochongwa bapa, na hapo pamebandikwa kibamba cheupe chenye maandishi yaliyofifia. Nilipokifuta taratibu kwa kitambaa kikavu nikasoma jina la Joe Davis na tarakimu 147. Joe Davis alikuwa bingwa wa dunia wa snuka kutoka Uingereza, na watengenezaji wa fimbo wa nchi ile walikuwa na desturi ya kuweka jina la bingwa pamoja na rekodi yake juu ya fimbo walizoziuza madukani. Pointi hizo 147 kwa mfululizo mmoja alizipata, katika mchezo uliotambuliwa rasmi, tarehe 22 Januari 1955 jijini London. Fimbo inayotangaza jambo lililotokea mwaka 1955 haiwezi kuwa ilitolewa zawadi Kongwa mwaka 1951.

Sikuficha uchungu wangu. Lakini sikutaka pia kumvika marehemu uongo asiousema, kwa hiyo nilikwenda kwa mama mdogo, ambaye Mungu bado amemweka, nikamuuliza upya bila kumtajia nililoliona. Akaniambia kwamba baada ya Kongwa mzee alihamia Dodoma mjini, akawa mhudumu katika kilabu cha maofisa, na kwamba fimbo ililetwa nyumbani karibu na Uhuru wa mwaka 1961, wakati mabwana wale wanafunga mizigo. Mzee hakudanganya. Sisi watoto ndio tuliozichanganya kazi zake mbili tukazifanya moja, kwa sababu Kongwa ilikuwa na sifa kubwa zaidi masikioni mwetu.

Naomba wasomaji wakizingatie vizuri kile kibamba, kwa maana ndicho kinachowapotosha wengi. Rekodi iliyoandikwa hutupa mwaka ambao fimbo haiwezi kuutangulia, na haituambii zaidi ya hapo. Fimbo yenye jina la Walter Lindrum wa Australia na tarakimu 4137 haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1932, alipoweka rekodi hiyo ya pointi kwa mfululizo mmoja katika biliadi, lakini inaweza kuwa ilitengenezwa miaka mingi baadaye, maana jina liliendelea kuuza. Wala si fimbo aliyoichezea Lindrum mwenyewe, kama alivyoamini mmoja wa wageni wangu watatu. Tena kibamba hubanduka. Gundi ikikauka huanguka, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kukihamishia kwenye fimbo nyingine, kwa hiyo ni lazima kukagua kama kingo zake zinakaa sawasawa ndani ya shimo lake na kama uchafu wa miaka umejaa pande zote kwa kipimo kimoja.

Baada ya hapo ndipo mbao yenyewe iulizwe, na hapa nakiri kwamba ninapapenda kuliko penginepo. Katika fimbo nyingi za zamani za Uingereza, sehemu ya mbele ni ya mbao nyeupe iitwayo ashi, ambayo mishipa yake huonekana kama vichwa vya mishale vilivyofuatana, na kitako ni cha abunusi au mbao nyingine nzito iliyopachikwa kwa pande nne. Kama maungio yalifanywa kwa mkono, mbao nyeusi huishia juu kwa umbo la ulimi, na ndimi hizo nne aghalabu hazilingani kimo. Kama yalifanywa kwa mashine, huishia kwa ncha kali kama meno ya msumeno, zikiwa zimepangana sawia. Ya kwetu ina ncha kali. Ni fimbo ya kawaida ya kilabu, na sioni aibu kuisema hivyo. Fimbo hizo pia nyingi zilikuwa za kipande kimoja, na ukikuta imekatwa katikati na kutiwa skrubu, angalia kama mishipa ya mbao inaendelea vizuri kutoka kipande kimoja hadi kingine, maana wengi walizikata baadaye ili ziingie kwenye mikoba ya safari.

Kwa fimbo za pool za Marekani hadaa ni kubwa zaidi kwa kuwa fedha ni nyingi zaidi. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinijia mbio akisema, "Mjomba, nimepata Balabushka ya mwaka 1952, nataka nitume nusu ya fedha leo." George Balabushka, aliyezaliwa Urusi na kuhamia Marekani akiwa mtoto, alianza kutengeneza fimbo mwaka 1959 akiwa Brooklyn, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1975. Ya mwaka 1952 haipo. Nilimweleza pia kwamba jina hilo baada ya kifo chake limetumiwa kwa ruhusa kwenye fimbo za kiwandani, ambazo si bandia lakini si kazi ya mikono yake, na kwamba hata zile za kweli zina mambo ya kutatanisha, kwa kuwa vitako vyenye maungio alivinunua kwa wengine: kwanza vya kampuni ya Brunswick, kisha vya fundi Burton Spain, na mwishoni vya fundi Gus Szamboti. Mjuzi hutazama kama kitako, kiungo cha chuma na uzi wa kitani uliozungushwa mahali pa kushika vinapatana na miaka inayodaiwa. Saini peke yake haitoshi. Kijana alimwomba muuzaji picha za kiungo kikiwa kimefunguliwa, na tangu siku hiyo muuzaji hajajibu.

Lipo jambo la meno ya tembo, ambalo sisi wa Dodoma hatuna haki ya kulichukulia kwa wepesi. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita hapa Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wetu ili ipate maji, na sehemu ya meno iliyoyabeba ilikwenda kuchongwa mipira ya biliadi na vibao vya piano huko ng'ambo. Baadhi ya fimbo za zamani zina pete au kibamba cha meno hayo. Ukitazama kwa lenzi mahali palipokatwa kwa upana utaona mistari myembamba inayopishana, ilhali mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi na plastiki haina mistari hiyo inayopishana. Tafadhali mtu asichome kwa sindano ya moto, maana huko ni kuharibu. Ukiona mistari hiyo, usiuze wala usisafirishe. Biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nayo bila kibali kuwa ni kosa. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori ukaulize kwanza.

Linaloniuma kuliko yote ni msasa. Jirani yangu alikuwa na fimbo pacha na ya kwetu, kutoka kilabu kilekile kwa kadiri tunavyofahamu. Aliipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini ing'arishwe kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Ilirudi ikimetameta kama fanicha mpya, kibamba kikiwa kimetupwa na alama zilizochomwa kwenye kitako zikiwa zimefutika. Ningepata nafasi ya kuziweka fimbo hizo mbili sambamba, huenda leo tungejua zilikuwa mali ya nani. Wenye fimbo za namna hii nawasihi wasizisugue, wasizitie vanishi, na badala yake waandike kwenye karatasi mambo mawili mbalimbali: yale yanayoonekana kwenye fimbo, na yale yaliyosemwa pamoja na jina la aliyeyasema.

Yetu sikuiuza. Chini ya kitako chake zimechomwa herufi mbili, H na M, ambazo si za baba mdogo wala za mtu yeyote wa ukoo wetu. Kama miongoni mwa wasomaji wenu wapo wazee waliohudumu katika vilabu vya maofisa Dodoma mjini, Mpwapwa au Kongwa kati ya mwaka 1955 na 1961, au watoto wao waliobaki na picha za chumba chenye meza ya snuka, nawaomba wakuandikie wewe Mhariri, nami nitafika ofisini kwenu na fimbo yenyewe mkononi.

Wako mtiifu,
Seremala mstaafu,
Majengo, Dodoma