Kwa vijana mnaounda timu: mtafuteni karani kwanza

Wanangu,

Nimesikia mmepata kazi ya kutengeneza mfumo wa mikopo wa chama cha akiba, na mtaifanya kwa mtindo wa ajaili, yaani kujenga kidogo kidogo na kurekebisha kila hatua mnapopata maoni ya watumiaji. Hongereni. Ila nimesikia pia mmeshafika kumi na wanne, wote waandishi wa programu, wengi mliosoma pamoja.

Fanyeni hesabu. Watu 5 wakizungumza kila mmoja na mwenzake ni njia 10. Watu 14 ni njia 91. Kikao chenu cha kila siku ni cha dakika 15. Mkishasalimiana tu, kimekwisha. Mwongozo wa skramu, mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili, unasema timu kwa kawaida iwe ya watu 10 au pungufu. Ningekuwa ninyi ningeanza na sita.

Nawaambia haya kwa sababu yalinikuta. Zamani tulitengeneza mfumo kama huo, mafundi watupu, tukajifungia miezi minane. Siku tuliyoupeleka, karani wa dirishani, mama mmoja mpole, aliuangalia kisha akauliza: "Nikikosea kiasi, nakirekebisha wapi?" Hapakuwa na mahali. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mtu hukosea. Tulirudi nyuma karibu nusu ya kazi, na malipo ya mwisho hatukuyaona.

Wale watu 17 waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001, wakaandika tamko la ajaili, wana kanuni inayosema wenye shughuli, kama karani yule, na watengenezaji wa mfumo wafanye kazi pamoja kila siku. Kila siku, si siku ya uzinduzi. Kwa hiyo kiombeni chama kiwape karani, hata kwa nusu siku, na mumpe kiti mezani.

Kiombeni pia mtu mmoja wa kusema kipi kianze na kipi kingoje. Mmoja. Wakiwaletea kamati, kataeni kwa adabu, maana ndipo manahodha wengi wanapokiendesha chombo mrama.

Mjaribu wa mfumo aingie siku ya kwanza, naye awe mbishi. (Kila ukoo una shangazi asiyeridhika, mtafuteni wa namna hiyo.) Mchukueni na mwanagenzi mmoja, maswali yake yatawasumbua vizuri.

Wale mtakaowaacha waambieni wiki hii, uso kwa uso, kabla hawajaacha vibarua vyao kwa ajili yenu.

Jumatatu nitapita ofisini kwenu. Nitaanza kwa kumsalimia karani.

Mzee wenu