Kware wa mwitu hawarudi kwa kufunguliwa tundu

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako bila kuandika neno, hata pale nilipoona mmepotoka, kwa kuwa niliamini wapo wajuzi kuliko mimi watakaowasahihisha. Makala yenu kuhusu kupungua kwa kware wa mwitu imenishinda. Mwandishi alieleza vizuri jinsi kware aitwaye bobwhite alivyopungua nchini Marekani kwa zaidi ya robo tatu tangu miaka ya 1960, kisha akamalizia kwa kuwashauri wafugaji wa Dar es Salaam wawaachie kware wao katika mapori ya Kisarawe.

Kware tunayemfuga majumbani asili yake ni Japani, amezalishwa tunduni vizazi kwa vizazi, na hata kuatamia ni nadra aatamie. Ndiyo maana wafugaji wanategemea mashine za kutotolesha. Huko Ulaya, kware wa aina hiyo walioachiwa kwa ajili ya wawindaji wamechanganya damu na kware wa asili, yule anayevuka bahari kuja Afrika kila mwaka. Wamarekani nao wamewahi kuwaachia bobwhite wa kufugwa kwa wingi, na wengi wao waliishia kuliwa na mwewe na wanyama wengine muda mfupi tu baadaye.

Kinachomrudisha kware ni nyasi. Kuanzia mwaka 1924 Herbert Stoddard, mtafiti wa ndege wa Marekani, aliwachunguza bobwhite katika mashamba ya kusini mwa Georgia na kaskazini mwa Florida, akabaini kwamba kuzuia moto kabisa katika misitu ya misonobari kuliwadhuru, kwa kuwa vichaka vilisongamana na mimea midogo yenye mbegu ikakosa jua. Hadi leo huko huchomwa kwa vipande, kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili ndege apate pa kuokotea na pa kujifichia. (Moto wa kiholela unaowashwa Kisarawe kila kiangazi haumo katika hesabu hii.) Mwaka 2004 serikali yao ilianza kuwalipa wakulima waache bila kulima kingo za mashamba, kwa upana wa kati ya mita 9 na 36. Yote hayo ni kwa ajili ya kifaranga, ambaye wiki zake za mwanzo huishi kwa wadudu, naye huhitaji nyasi zenye mashina yaliyoachana ili apite chini huku amefunikwa juu. Katika nyasi zilizofumana kama mkeka hawezi kupenya.

Sasa tuje kwetu. Jirani na ninapoishi, Chanika, kuna kiwanja cha umma ambacho masika yakikolea hujaa nyasi za kufika kiunoni, na kware wa mwitu, wale ambao madume yao yana baka jeusi kifuani, huja na mvua na kusikika alfajiri na magharibi. Aprili iliyopita, siku chache kabla ya ugeni rasmi, waliletwa vijana wenye mashine, wakafyeka kiwanja chote kuanzia kingoni kuelekea katikati, yaani kwa namna ile ile inayowasukuma ndege mahali pamoja hadi wasiwe na pa kukimbilia. Nilikwenda ofisini kueleza kwamba mna viota chini, nikaomba kazi isubiri hadi Julai au angalau ukingo mmoja ubakizwe. Kiongozi niliyemkuta alinisikiliza huku akisaini karatasi, akanijibu kwamba majani ni maficho ya nyoka na vibaka, kisha akaniuliza: mzee, hao kware wanalipa kodi? Waliokuwemo wote wakacheka. Wageni wenyewe walikaa chini ya turubai kwa muda mfupi, wakanywa soda, wakaondoka bila hata mmoja wao kukitupia jicho kiwanja.

Na sasa kiwanja kimeahidiwa pasparamu, zile nyasi fupi za bustani. Ningependa kumjua aliyeufundisha mji huu kwamba mahali si pazuri mpaka papandwe pasparamu, mkeka uleule asiopita kifaranga, na kumwagiwa maji kila asubuhi mbele ya ofisi na kumbi za harusi, huku sisi wa pembezoni tukinunua maji kwa ndoo.

Naomba kwanza mchapishe sahihisho kabla hakujatokea mfugaji wa kuwasikiliza. Pili, kila taasisi yenye uzio kuanzia Gongo la Mboto hadi Chanika iache ukanda wa mita 9, kipimo kile kidogo kabisa cha Wamarekani, usifyekwe kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Kama ulinzi utahitajika, pasimikwe kibao kisemacho kwamba eneo hilo limetengwa kwa ajili ya mwekezaji, kwa sababu sijaona bado eneo lenye kibao hicho likiguswa na mtu yeyote.

Mwalimu mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam