Mfarishi wa Kilwa

Temeke, Dar es Salaam

Kwako shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, watoto wameshapona mafua. Najua nimekaa kimya, na sababu ni moja: tangu masika ianze nashona. Nashona mfarishi wa kujifunika, wa vipande vya nguo, kwa kumbukumbu ya safari yetu ya Kilwa.

Unaikumbuka ile doti tuliyonunua Kariakoo siku moja kabla ya kupanda basi pale Rangi Tatu, tukaikata, wewe upande na mimi upande? Ya bluu na nyeupe, jina lake "Wema hauozi". Upande wangu nimeuvaa mpaka mji umeanza kuchanika. Kuutupa nilishindwa, na kuufanya tambara la kufutia meza niliona kama dhambi. Ndipo nikalikumbuka birika.

Lile bwawa la kuogea la pembe nane, pale Husuni Kubwa, magofu ya kasri la Kilwa Kisiwani. Tulikuwa tumetoka Msikiti Mkuu, jua limetuchosha, viatu vinakubana, unataka kurudi botini. Yule kijana aliyetutembeza akatupandisha juu ya jabali, bahari ikawa chini yetu, na mbele pembe zile za mawe zimekaa sawasawa. Akatwambia kasri lile ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na kwamba kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Wewe ukanyoosha khanga yako kifuani ukanionyesha lile jina, "Wema hauozi". Hatukusema kitu.

Basi nilianza na boksi. Nikakata mraba wa sentimita 20, nikaondoa kila kona karibu sentimita 6, pembe nane ikatoka. Nikakata nyingine tatu, nikazipanga mkekani. Shoga, hazishikani zote! Ubavu kwa ubavu zinakaa, lakini zinapokutana nne panabaki tundu la mraba katikati. Siku mbili nzima nalitazama tundu lile. Siku ya tatu nikaokota zile kona nilizozikata, nikazigeuza nne zitazamane, nikaziweka pale. Zikaziba tundu lote, hazikuzidi wala hazikupungua. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Kwenye nguo bado unaongeza sentimita moja kila upande ya mshono, lakini siri yote iko pale kwenye boksi.

Pembe nane nimezikata kwenye khanga yangu na vitenge vya kijani, kwa ajili ya ile mikoko ya Kilwa. Miraba midogo ni kaniki na marekani. Marekani ya kwanza niliiharibu, niliiloweka pamoja na kitenge chekundu kikachuja, ikawa madoadoa. Imenibidi ninunue yadi nyingine tatu. Sasa kila nguo naiosha peke yake kwenye maji ya chumvi, naianika, naipiga pasi, ndipo mkasi unapita. Ndani nilitaka sufi, bibi jirani akanikataza, amesema itajikusanya mabonge ikifuliwa. Nitatia blanketi jembamba, na bitana iwe kaniki.

Jina la khanga sikulikata. Nimelishona zima upande wa kichwani, mtu akijifunika mkono unapita juu yake.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Pembe nane ziko 80, nane kwa kumi, kwa hiyo katikati kabisa ya mfarishi pameangukia kwenye tundu la mraba. Mengine yote nimeyaziba, hilo nimeliacha wazi. Naomba kipande cha khanga yako, cha kiganja kimoja tu, hata ukikikata kwenye pindo. Kitie kwenye bahasha, mpe mtu wa basi la kuja Dar, unipigie simu nitakwenda kukichukua. Siwezi kupiga bandi ya kushikiza matabaka yote mpaka tundu hilo lizibwe, na nilitamani tujifunike kipupwe hiki utakapokuja.

Lakini kama upande wako bado mzima na unauvaa, shoga yangu, usiuguse. Nitasubiri mpaka uchakae.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Mama Faraji